CHEMBE YA CHUMA NDANI YA DHAHABU



Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya toleo hili la kukutana tena, nilidhani anataka niandike juu ya kengele ya alfajiri, uji wa bwaloni, au mechi zetu za Jumamosi. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika, tena kwa ufundi kunishinda. Mimi nimechagua chumba ambacho wengi wetu tulikuwa tukikipita mbio, yaani maabara ya fizikia. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, napenda kuwasimulieni historia ya swali moja lililoanza katika waya wa dhahabu mwaka 1934, likawasumbua wataalamu kwa miaka thelathini, na ambalo katika karne hii limewafikisha hata kwenye hesabu za mashimo meusi ya angani. Ya pili ni kwamba nina deni katika maabara ile, na nataka kulilipa kabla sijaweka kalamu chini.

Deni lenyewe ni hili. Tulipokuwa kidato cha tano, tulipewa waya tupime ukinzani wake, yaani jinsi unavyoupinga umeme usipite, kwa urefu mbalimbali. Tulitakiwa kupima mara saba, kisha kuchora grafu. Kila mmoja wetu alijua kuwa jibu ni mstari ulionyooka. Nukta sita zikakaa kwenye mstari kama askari gwarideni. Ya saba, ya urefu mkubwa kuliko zote, ikaruka juu peke yake. Mwenzangu wa meza moja alisema tupime upya. Mimi nikatazama saa, nikachukua kifutio, nikaifuta ile tarakimu na kuandika nyingine iliyokaa vizuri. Tukapata alama zote.

Wiki iliyofuata kundi jingine lililopewa waya ule ule liliacha nukta yake ilivyo, na likaandika kwamba halijui sababu. Mwalimu akaukagua waya, akakuta karibu na mwisho mahali palipokuwa pamekatika zamani na kusokotwa tena kwa mkono. Umeme ulikuwa ukipata taabu kupita pale. Nukta ya saba ilikuwa inasema kweli, nami niliinyamazisha. Niweke jambo hilo hapo kwanza, twende Uholanzi.

BARIDI YA LEIDEN

Katika mji wa Leiden, tarehe 10 Julai 1908, Profesa Heike Kamerlingh Onnes alifanikiwa kuigeuza gesi ya heli kuwa kimiminika. Baridi ya kimiminika hicho hufika kama digrii 269 chini ya sifuri, ilhali baridi kuu kuliko zote, ile iitwayo sifuri kamili, ni digrii 273 chini ya sifuri. Kwa miaka kadhaa Leiden ilikuwa ndiyo mahali pekee duniani palipoweza kupata baridi ya namna hiyo.

Mara moja likazuka swali: je, umeme hupitaje katika metali iliyopoa kiasi hicho? Wengine, akiwamo Lord Kelvin wa Uingereza, walidhani elektroni zingeganda pamoja na kila kitu, hata umeme usipite kabisa. Wengine waliona ukinzani ungepungua mpaka ukaisha. Wa tatu walishikilia kanuni ya tangu karne ya kumi na tisa, iliyotolewa na Augustus Matthiessen, kwamba ukinzani una sehemu mbili. Sehemu moja hutokana na mtikisiko wa atomu kwa sababu ya joto, na hiyo hupungua kadiri metali inavyopoa. Sehemu ya pili hutokana na takataka zilizomo ndani ya metali, na hiyo haibadiliki. Kwa hiyo ukipoza metali, ukinzani utashuka, utafika mahali, kisha utatulia hapo.

Mwaka 1911 zebaki iliwashangaza wote kwa kupoteza ukinzani wake kwa ghafula, na ugunduzi huo ukapata sifa duniani kote. Lakini kisa chetu hakimo katika zebaki. Mwaka 1934, katika maabara ile ile, W. J. de Haas, J. de Boer na G. J. van den Berg walitoa vipimo vyao vya dhahabu, shaba na risasi. Katika dhahabu waliona jambo la ajabu. Kadiri walivyoipoza, ukinzani ulishuka kama ilivyotazamiwa. Halafu, digrii chache tu juu ya sifuri kamili, badala ya kutulia ulianza kupanda tena.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kudogo sana. Mtu mwenye haraka angeweza kusema kuwa kipimo kimeyumba, akachora mstari wa kutulia, akaenda nyumbani. Hao watatu hawakufanya hivyo. Hawakuwa na maelezo, lakini walizichapisha nukta zao kama zilivyotoka. Kila kitu kilichofuata katika historia hii, hadi leo, kilitoka katika uamuzi huo mmoja wa kutofuta.

MIAKA THELATHINI YA KUNGOJA

Sonara yeyote atakuambia kuwa dhahabu safi kabisa haipatikani kwa urahisi. Daima mna chembe za shaba, za fedha, au za chuma, hata kama jicho halizioni. Polepole watafiti waligundua kwamba ile tabia ya kupanda hutokea pale ambapo dhahabu au shaba ina chembe chache za metali zenye usumaku, kama vile chuma. Tena chache kweli kweli: atomu moja ya chuma kati ya maelfu mengi ya atomu za dhahabu ilitosha. Wazee wetu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hapa palikuwa na samaki mmoja, naye hakuwa ameoza, ila bwawa zima lilionekana kubadili mwendo kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vipimo vilizidi kuwa wazi. Huko Marekani, katika maabara za Bell, mama mmoja mwanafizikia, Myriam Sarachik, pamoja na wenzake, walipima mchanganyiko wa metali mbalimbali zilizotiwa chuma kidogo. Katika baadhi ya michanganyiko atomu ya chuma hubaki na usumaku wake, na katika mingine huupoteza. Walikuta kwamba palipo na usumaku ndipo ukinzani hupanda tena, na pasipo na usumaku haupandi. Matokeo yao yalitoka mwaka 1964. Kwa hiyo mkosaji alijulikana, lakini hakuna aliyejua anafanyaje kosa lake.

Mwaka huo huo jibu lilitoka Tokyo. Jun Kondo alikuwa na umri wa miaka 34, akifanya kazi katika maabara ya umeme ya serikali ya Japani. Nafurahi kusema kwamba alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Kondo alijiuliza jambo ambalo wenzake walikuwa wamelipita. Walipokokotoa jinsi elektroni inavyogonga chembe ya chuma, walifanya hesabu ya hatua ya kwanza tu, wakaona haibadiliki kwa joto, wakaishia hapo. Kondo akaendelea na hatua inayofuata.

Niruhusuni nieleze kwa mfano wa ofisini. Chembe isiyo na usumaku ni kama jiwe njiani. Kila apitaye hulizunguka kwa namna ile ile, na jiwe halimkumbuki mtu. Lakini chembe yenye usumaku ni kama karani wa dirishani ambaye moyo wake hubadilika kwa kila mteja. Elektroni nayo ina usumaku wake mdogo, ambao wanafizikia huuita spini, unaoelekea juu au chini. Elektroni ikigonga chuma, huweza kugeuza spini ya chuma, nayo ikageuzwa. Anayefuata kwenye foleni anamkuta karani si yule wa awali. Basi mapito ya mmoja yanategemea mapito ya waliotangulia, na foleni nzima hufungamana. Kadiri joto linavyopungua, ndivyo kufungamana huko kunavyozidi, na ndivyo umeme unavyopata taabu kupita.

Hesabu ya Kondo ilionyesha kwamba sehemu hii ya ukinzani hupanda kwa kiasi cha logi ya halijoto. Ukiijumlisha na ile sehemu ya mtikisiko inayoshuka, unapata mstari unaoshuka kisha kupanda, sawasawa na ule wa Leiden. Aidha ilitabiri kitu kinachoweza kupimwa: ukitaka halijoto ya pale chini kabisa pa mstari iwe mara mbili, huna budi kuzidisha chuma mara 32. Vipimo vya dhahabu vilikubaliana naye. Fumbo la miaka thelathini likawa limefumbuliwa.

JIBU LILILOZAA SWALI

Lakini fizikia haina huruma. Logi ya Kondo, ukiifuata mpaka kwenye sifuri kamili, hukua bila kikomo. Ingekuwa kweli, umeme usingepita kabisa katika dhahabu yenye chembe ya chuma, na hilo halitokei. Hesabu iliyosema kweli kwenye digrii chache juu ya sifuri kamili ilikuwa inasema uongo chini ya hapo. Mambo yote mawili yalijulikana, na Kondo mwenyewe hakuyaficha. Wataalamu wakaliita tatizo la Kondo.

Mwaka 1970 Philip Anderson alionyesha njia. Alisema usijaribu kuhesabu elektroni zote kwa pamoja. Ondoa kwanza zile zenye nguvu nyingi, kisha uliza: kwa zile zilizobaki, chembe ya chuma inaonekana kuwa na nguvu kiasi gani? Jibu lilikuwa kwamba kila unapozidi kushuka, chembe huonekana kushikana na elektroni kwa nguvu zaidi. Kwenye joto jingi ni kama watu wasiojuana. Kwenye baridi kali hawaachani.

Kati ya mwaka 1974 na 1975 Kenneth Wilson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliifanya kazi hiyo kwa mashine ya kukokotoa, akishuka ngazi moja moja mpaka chini, kama mtu anayemenya kitunguu ganda baada ya ganda. Mwishoni alikuta jambo zuri ajabu. Kwenye baridi kabisa, elektroni zilizoizunguka chembe ya chuma hujipanga kwa jinsi ambayo spini yao ya pamoja huiondoa spini ya chuma. Ukitazama kwa mbali, usumaku umetoweka. Chuma bado kimo, lakini kimesitiriwa.

Nimelitumia neno kusitiriwa kwa makusudi, kwa maana lugha yetu inalo neno linalofaa kuliko nililolijua. Kumsitiri mtu si kumfukuza wala kumuua. Ni kumfunika kwa nguo au kwa ukimya, ili aibu yake isionekane na wapitao. Elektroni hazimfukuzi mgeni aliyeingia katika dhahabu. Hukusanyika kumzunguka, nyingi kwa umoja wao, zikamfanyia wingu. Ndiyo maana ukinzani hauendi bila kikomo: wapitao hawaoni tena karani mwenye moyo wa kubadilika, ila kitu kimoja kilichotulia. Wilson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa njia yake ya kushuka ngazi. Mwaka 1980 Natan Andrei na Paul Wiegmann, kila mmoja kwa upande wake, walikuwa wamekwisha kupata jibu kamili la tatizo hilo kwa kalamu na karatasi.

UDUGU WA DHAHABU NA KWAKI

Hapa wengi wangefunga faili. Lakini mwaka 1973, wakati Wilson akiwa bado kazini, David Gross, Frank Wilczek na David Politzer waligundua tabia ya ajabu ya kwaki, zile chembe zinazojenga protoni na nyutroni. Zikikaribiana sana, huwa kama hazijuani. Zikiachana, huvutana kwa nguvu isiyokatika. Tazama ulivyo udugu: chembe ya chuma katika dhahabu nayo huwa huru kwenye nguvu nyingi, na hufungwa kwenye nguvu ndogo. Jambo ambalo lilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa upande wa kwaki, Anderson alikuwa ameliona katika metali miaka mitatu kabla ya akina Gross.

Nadharia ya kwaki ni mojawapo ya nadharia ziitwazo za geji, ambamo kani kati ya chembe hubebwa na wajumbe. Katika umeme mjumbe ni mwanga, naye hagombani na mwenzake. Katika kwaki wajumbe huitwa gluoni, nao huvutana wao kwa wao. Kwa hiyo kani inapokuwa kubwa, hesabu ya hatua kwa hatua huvunjika, kwani hatua ya pili ni kubwa kama ya kwanza na ya tatu kama ya pili. Ni taabu ile ile ya logi ya Kondo, ila sasa si chembe moja tu iliyofungwa, bali ni bahari nzima.

Kusitiriwa nako kumo katika bahari hiyo. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walitoa wazo kwamba ukitengeneza mchuzi wa kwaki na gluoni wenye joto jingi mno, kisha ukatia ndani yake kwaki nzito pamoja na kinyume chake, mchuzi utawasitiri wawili hao hata wasionane, na ndoa yao itavunjika. Mchuzi huo ulianza kutafutwa katika mashine ya Brookhaven, Marekani, kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2005 watafiti wakatangaza kuwa unatiririka kama kimiminika, si kama gesi. Maana yake ni kwamba chembe zake zimeshikana mno. Njia za zamani hazikutosha. Je, mgeni aliyeingia katika bahari ya namna hiyo husitiriwaje?

KIVULI UKUTANI

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika miaka ya 1970 Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walikuwa wameonyesha kwamba shimo jeusi, nyota iliyoanguka ndani yake yenyewe hata mwanga usitoke, lina joto na lina hesabu ya siri zake. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo hufuata eneo la uso wake, si ujazo wake. Ni kama kusema kuwa ghala huhesabiwa kwa ukubwa wa kuta zake, wala si kwa magunia yaliyomo. Mwaka 1993 Gerard 't Hooft wa Uholanzi alipendekeza kuwa huenda ndivyo ulivyo mvutano wote: yote yatendekayo ndani ya chumba yaweza kuandikwa ukutani. Leonard Susskind akaliendeleza wazo hilo. Wakaliita holografia, kwa kufuata picha za hologramu alizozibuni Dennis Gabor mwaka 1947, kama zile zinazong'aa juu ya kadi za benki. Karatasi ni bapa, lakini ukiigeuza unaona kina.

Mwezi wa Novemba 1997, Juan Maldacena, kijana wa Argentina aliyekuwa Harvard, alitoa mfano kamili. Alisema nadharia fulani ya geji isiyo na mvutano ni kitu kile kile kama nadharia ya mvutano katika ulimwengu wenye upande mmoja wa ziada. Sisi tunajua urefu, upana na kimo. Upande wa ziada ni kina, na una maana yake. Karibu na ukingo ni mambo ya nguvu nyingi. Ukizama chini, unakutana na mambo ya nguvu ndogo. Kwa hiyo kule kushuka ngazi kwa Wilson kumekuwa safari ya kweli ya kushuka kisimani. Na bahari ikiwa na joto, chini ya kisima pana shimo jeusi.

Faida yake ni kubwa. Pale ambapo kani katika nadharia ya geji ni kubwa hata hesabu inashindikana, upande wa pili mvutano huwa mpole na hesabu yake hufanyika. Ni kama faili lililoandikwa kwa lugha usiyoisoma, kisha ukaletewa nakala kwa lugha unayoijua. Maldacena hakuleta uthibitisho wa mwisho, na hadi leo haujakamilika, lakini wazo lake limepimwa kwa njia nyingi na halijaangushwa.

MGENI KISIMANI

Mwaka 2013 Johanna Erdmenger, Carlos Hoyos, Andy O'Bannon na Jackson Wu waliirudisha chembe ya chuma, safari hii ndani ya holografia. Walianza na jambo lililojulikana: kwa habari ya chembe moja iliyo mahali pamoja, jambo la maana ni umbali tu, elektroni zikija na kuondoka. Basi ulimwengu wa tatizo hilo ni kama mstari mmoja. Katika holografia mstari huo hupata kina. Na ile chembe iliyo mahali pamoja ukingoni hugeuka kuwa uzi unaoning'inia kutoka ukingoni hadi kwenye shimo jeusi.

Juu ya uzi huo pana mkondo wa nguvu za umeme. Ukubwa wa mkondo pale ukingoni hueleza ukubwa wa spini ya chembe. Pana pia kitu cha pili, kinachowakilisha kushikana kwa chembe na elektroni. Joto likiwa jingi kitu hicho hulala, na mkondo hushuka mpaka shimoni bila kupungua: mgeni yu wazi, hana nguo. Joto likishuka chini ya kiwango fulani, kile kilicholala huamka, na kwa kuwa kina chaji, huunywa mkondo njiani. Unaofika chini ni mdogo kuliko ulioanzia juu. Na kwa kuwa chini ndiko kwenye nguvu ndogo, maana yake ni kwamba mtazamaji wa nguvu ndogo humwona mgeni akiwa amepungua. Amesitiriwa. Wingu la elektroni, ambalo Wilson alilihesabu kwa tarakimu nyingi, hapa ni mkondo unaopungua juu ya uzi.

Msomaji atauliza: kama Andrei na Wiegmann walikwisha kulijibu tatizo, kwa nini kulijibu tena? Kwa sababu jibu la zamani lilidhani kuwa elektroni zenyewe hazigombani, isipokuwa na mgeni tu. Katika mfano wa mwaka 2013 jamii nzima imeshikana kwa nguvu tangu mwanzo, kama ilivyo katika ule mchuzi wa kwaki na katika metali ngumu ambazo bado hazijaeleweka. Ukitaka kujaribu mizani mpya, unaweka kwanza jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Tatizo la Kondo ndilo jiwe hilo.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Katika mfano huo mabadiliko hutokea kwa ghafula kwenye halijoto moja, ilhali katika dhahabu halisi mgeni husitiriwa polepole. Sababu yake ni kwamba hesabu hufanyika kwa kudhani aina za chembe ni nyingi bila idadi. Waandishi wenyewe walijua jambo hilo na hawakulifuta.

NUKTA YA SABA

Mwezi wa Machi 2020 Ivan Borzenets na wenzake, kutoka Hong Kong, Japani, Korea Kusini na kwingineko, walitangaza kwamba wamelipima wingu lenyewe ndani ya kifaa kidogo cha maabara. Ukubwa wake ulifika mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita, sawa na safu ya maelfu ya atomu, kwa ajili ya kumsitiri mgeni mmoja tu. Kondo alikuwa hai bado, mwenye miaka 90. Alifariki mwezi wa Machi 2022. Tangu Leiden hadi kupimwa kwa wingu imepita miaka 86.

Siku hizi kazi yangu serikalini ni ya vipimo. Mizani ikikubali mawe yote isipokuwa moja, tumefundishwa kuanza na hilo moja. Nimewafundisha vijana kadhaa jambo hilo, na kila ninapolisema huikumbuka meza yetu ya kidato cha tano. Basi leo nalipa deni. Kwa mwalimu wetu wa fizikia: alama zile hazikuwa zetu. Kwa mwenzangu wa meza ile: wewe ulisema tupime upya, na ulikuwa na haki.

Kwenu wadogo zetu, mnaojiandaa kwa mtihani wa vitendo, sitatoa hotuba. Nitasema jambo moja tu. Kupika matokeo ni rahisi, na mara nyingi mpishi hakamatwi. Hasara yake ni nyingine. Tarakimu niliyoiandika nikiwa na kifutio mkononi naikumbuka mpaka leo. Ile niliyoifuta, iliyokuwa ikijaribu kuniambia kuwa waya ulisokotwa, siikumbuki, na hakuna mahali popote duniani ilipoandikwa.